Huduma Namba, 666 na wale waliouliza swali

Leo siandiki kuhusu Linux wala simu mpya. Leo nataka tugombane kidogo, ndugu msomaji.

Mnakumbuka Aprili 2019? Hapa Riruta Satellite, kama kwingineko nchini, swali lilikuwa moja: umeshajiandikisha Huduma Namba? Serikali ilionya kwamba asiye na namba atakosa huduma. Baadhi ya wahubiri nao wakasema namba hiyo ni 666, alama ya mnyama. Jirani huyu yuko kwenye foleni, jirani yule amejifungia ndani akiomba.

Mimi naandika programu, ndiyo riziki yangu. Nasema pande zote mbili zilikosea, na zilikosea kwa namna moja.

Tuanze na serikali. Sheria iliyoanzisha mfumo ule haikutaka alama za vidole tu. Iliruhusu pia kukusanya DNA na kuonyesha kwa GPS mahali mtu anapoishi. Na wakati watu wanatoa vidole vyao, Kenya haikuwa na sheria ya kulinda data! Ilikuja Novemba 2019, miezi kadhaa baadaye. Yaani wahamie kwanza, mlango tutaweka baadaye. Neno la siri likiibwa, unabadilisha. Alama ya kidole ikiibwa, utabadilisha na nini?

Sasa wahubiri. Walikataa, lakini kwa hoja gani? Anayekataa kwa sababu mchungaji kasema hana uhuru zaidi ya anayekubali kwa sababu chifu kasema. Utii ni uleule, amebadilisha bwana tu. Paul Mackenzie wa Malindi alikuwa miongoni mwa waliohubiri dhidi ya Huduma Namba. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msitu wa Shakahola, ya wafuasi waliodaiwa kuambiwa wafunge hadi wafe. Yeye na wenzake walikana mashtaka mahakamani. Sisemi kila aliyeogopa 666 angeishia Shakahola, hasha. Nasema akili ukishamkabidhi mtu mwingine, huchagui tena atakupeleka wapi.

Lakini kulikuwa na upande wa tatu, na ulitoka hapa jirani, Kibera. Wanubi wameishi pale zaidi ya miaka mia moja, lakini kwa miaka mingi kijana wa Kinubi akitaka kitambulisho alipitishwa kwanza kwenye kamati ya kumchunguza kama kweli ni Mkenya. Wao wakauliza swali dogo: kama kujiandikisha kunahitaji karatasi, asiye na karatasi ataingiaje? Nubian Rights Forum wakaenda Mahakama Kuu, pamoja na watetezi wengine wa haki za binadamu.

Tarehe 1 Aprili 2019 mahakama ikaamuru kwamba kwa muda ule asilazimishwe mtu na asinyimwe mtu huduma. Tarehe 30 Januari 2020 DNA na GPS zikatupwa nje, na serikali ikaambiwa isiendelee mpaka iweke kanuni za kutosha. Oktoba 2021, katika kesi nyingine, mahakama ikabatilisha utoaji wa kadi kwa sababu athari kwa data za watu hazikupimwa kwanza.

Angalieni jambo hilo. Hawakusema "tuaminini". Hawakusema "ogopeni". Walisema "tuonyesheni". Hiyo ndiyo desturi ya programu huria: hatuombi imani, tunaomba kuona ndani.

Najua mtaniambia: kama huna cha kuficha, hofu ya nini? Jamani, Mnubi wa Kibera hakuwa na cha kuficha. Alitaka kuonekana! Hofu yake ni kwamba mfumo ungemfuta kabisa.

Wala siwaambii muache kanisa au msikiti. Mungu wako ni wako. Lakini mhubiri akizungumzia kanzidata, mwulize amejuaje. Waziri naye akisema data iko salama, mwulize vivyo hivyo.

Huduma Namba ilikufa, na mwaka 2023 ikaja Maisha Namba, nayo ikafikishwa mahakamani. Basi tuulize tena: wanachukua nini, nani anasoma, ikivuja nani atawajibika, na nani ameachwa nje?

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mimi naongeza: kukatazwa kuuliza ndiko kunakopaswa kukutisha.