JE, KIDOLE GUMBA KINATOSHA?

Nimeshika kalamu nikiwa na uchungu, lakini sitamtukana mtu. Nataka tuulizane jambo moja tu: mgonjwa anapotia kidole gumba kwenye karatasi kabla ya kupasuliwa jicho, huwa amekubali nini?

Akko, yaani nyanya yangu, alitolewa mtoto wa jicho katika hospitali moja mbali na hapa Gotu. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Muuguzi akaniambia, "Mweleze haraka, foleni ni ndefu." Nami nikamwambia Akko kwa Kiborana, "Weka kidole hapa, utaona." Basi. Sikumwambia kuwa jicho laweza kuingiwa na viini baada ya upasuaji, kwa kuwa hata mimi sikuambiwa. Wala hatukuambiwa kwamba maumivu makali yakianza turudi siku hiyo hiyo. Tulikaa siku 4 tukingoja gari. Sasa jicho hilo halioni hata jua.

Wazee wakasema ni amri ya Mungu, ati daktari hashtakiwi. Hapo sikubaliani nao, hata wakiniita mtovu wa adabu. Kweli, si kila madhara ni uzembe. Hata daktari hodari mambo humharibikia mkononi. Lakini kutomweleza mgonjwa ni kosa jingine kabisa. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, kifungu cha 8, yataka aelezwe faida na hatari za matibabu, tena, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa. Hapa Gotu lugha hiyo ni Kiborana, jamani, si siri!

Na madaktari hushtakiwa. Mwaka 2005, huko New York, Marekani, mahakama iliamua mtu aliyeharibikiwa macho baada ya upasuaji wa leza alipwe dola milioni 7.25, kwani macho yake hayakufaa kuguswa na leza tangu mwanzo. Yule alikuwa na vipimo vyake na mawakili. Sisi je? Kadi ya Akko ilibaki hospitalini. Na muda haungoji: hapa Kenya kesi ya uzembe kwa kawaida hufunguliwa ndani ya miaka 3, na dhidi ya serikali ni miezi 12 tu.

Maoni yangu ni kwamba mgonjwa apewe nakala ya karatasi aliyotia kidole, na mkalimani awe mtu mzima aliyefunzwa, si mwanafunzi wa kidato cha pili.

Jicho la pili la Akko nalo limeanza kuingia ukungu. Juzi aliniuliza, "Safari hii utaniambia yote?"