Bili kwa posta au kwa mtandao: mambo yakikwama, nani anasubiri?



Tarehe 30 Desemba 2025 shirika la posta la Denmark, PostNord, liligawa barua zake za mwisho. Posta ya kule ilianza kupeleka barua mwaka 1624, yaani miaka 401! Vile visanduku vyekundu vya mitaani vilianza kung'olewa tangu Juni 2025. Wenzetu walishahamia mtandaoni: bili, barua za benki, barua za serikali, zote zinaingia kwenye kompyuta na simu. Barua chache zilizobaki zinabebwa na kampuni nyingine, DAO.

Wengi tutasema safi sana, posta ni mambo ya wazee. Mimi nakubali nusu. Mtandao ni rahisi na ni haraka, hilo halina ubishi. Ila kuna kitu hatukiongelei: malipo yakikwama njiani, mzigo ni wa nani?

Tuanze na posta. Marekani watu waliandika hundi, wakatia kwenye bahasha, wakabandika stempu, basi (wengine mpaka leo). Na kwenye kodi ya serikali kuu ya kule, sheria inasema bahasha yenye anwani sahihi na stempu ikigongwa muhuri wa posta ndani ya siku ya mwisho, umelipa kwa wakati, hata ikifika siku kadhaa baadaye. Posta ikizembea, si kosa lako.

Hapa Bongo mambo yalikuwa tofauti kidogo. Bili ilikuja kwenye S.L.P. ya mzee au ya ofisi, halafu unakwenda kupanga foleni dirishani na hela mkononi. Foleni ilikuwa kero kweli. Ndiyo maana M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na kwetu 2008, watu waliipokea kwa mikono miwili. Mwaka 2017 serikali ikaleta mfumo wa GePG, na ile kontroli namba tunayolipia maji, ada na faini. Kwa hilo hongera zao.

Lakini angalia kilichobadilika kimyakimya. Kwa bili ya karatasi ulitumia umeme kwanza, ukalipa baadaye. Barua ikichelewa, shirika ndilo lililosubiri hela. Kwa LUKU unalipa kwanza. Mei 2021 mfumo wa kununua LUKU uligoma kwa siku kadhaa. Watu wakajazana kwenye ofisi za TANESCO, foleni tuliyodhani tumeizika ikafufuka. Hela ipo kwenye simu, nyumbani giza! Fikiria mwenye saluni, au mama mwenye friji la samaki. Safari hii aliyesubiri ni mteja.

Sisemi turudi kwenye stempu. Kwanza wangapi kati yetu tuna sanduku la posta? Ninachosema ni kwamba muhuri wa posta ulikuwa na tarehe, na ile tarehe ilimlinda mlipaji. Meseji ya simu nayo ina tarehe, saa na namba ya muamala. Basi ipewe nguvu ileile. Ukishapata meseji kwamba hela imetoka, usipigwe faini wala kukatiwa maji eti mfumo haujasoma.

Na kwa umeme, Uingereza mita za kulipia kabla zina salio la dharura: hela ikiisha unakopeshwa kidogo, unalipa ukiongeza salio. Kitu kama hicho kingetuokoa siku mfumo unapolala. Teknolojia ipo, kinachotakiwa ni uamuzi.

Wakati tunasubiri, msifute meseji za malipo, na kwenye LUKU usingoje mpaka uniti ya mwisho. Ila tusizoee kubeba peke yetu mzigo wa mfumo usio wetu. Aliyeokoa gharama za karatasi, bahasha na dirisha ndiye abebe hasara mtandao ukianguka.

Mnasemaje wadau? Kwenu mfumo ukigoma nani anaumia?