Kibanda cha Zamani, Nyumba ya Watoto
Juma lililopita niliazimia kuwapa wanangu kibanda cha shambani wakifanye nyumba yao ya michezo. Nilikuwa nimekwisha kukipaka chokaa, binti yangu akaniuliza, “Baba, mbona chanuka?” Hapo nikakumbuka dawa ya kunyunyizia mibuni iliyowekwa humo miaka mingi. Sumu iliyonywewa na sakafu ya udongo haiondoki kwa ufagio wala kwa chokaa. Nikakifunga, nikawapa kibanda cha kuni.

Nanyi, kabla ya kuwakaribisha watoto, ulizeni kwanza kibanda kilihifadhi nini. Kisha ng’oeni misumari iliyojitokeza, badilisheni nguzo zilizoliwa na mchwa, toboeni dirisha, na ondoeni komeo la nje, mtoto asije akafungiwa ndani. Chetu ni kidogo, lakini jana nilikaribishwa humo kwa chai ya mchanga.