Mwenye Mti, Mwenye Nyumba, Mwenye Ardhi: Je, Neno "Ukabaila" Lafaa kwa Unguja?

Katika maandishi mengi yanayohusu ardhi ya Unguja, neno ukabaila hutumika kana kwamba maana yake ilikwisha kukubaliwa na wote. Mwenye shamba la mikarafuu huitwa kabaila, mkaazi wa shambani humo hufananishwa na mtwana, na ugomvi wao husomwa kwa kufuata mifano ya Ulaya ya Zama za Kati. Ulinganishi huo una mvuto wake. Hata hivyo, unaficha jambo la msingi katika historia ya ardhi kisiwani humo, nalo ni kwamba kilichogombewa aghalabu hakikuwa kitu kimoja.

Yafaa kwanza kuutazama huo mfano wa Ulaya wenyewe. Katika Uingereza ya karne ya 13, mto ulikuwa mpaka na pia chanzo cha mapato. Aliyeshika ukingo mmoja alidai ushuru wa kivuko, kinu cha maji na samaki; jirani yake wa ukingo wa pili alipinga, na shauri likapelekwa katika baraza la bwana au mahakama ya mfalme. Hati ya Magna Carta ya mwaka 1215 ina kifungu kinachokataza kijiji au mtu kulazimishwa kujenga madaraja mitoni, isipokuwa wale waliokuwa na wajibu huo tangu kale. Ni kweli kwamba huko nako haki zilipangwa ngazi kwa ngazi. Lakini ngazi hizo zilikuwa za watu: mfalme, chini yake bwana, chini yake mpangaji, wote juu ya ardhi ile ile. Unguja, kinyume chake, haki zilipangwa kwa vitu. Udongo ulikuwa na mwenyewe, mti ukawa na wake, nyumba wake.

Kisiwa hicho hakina mito mingi. Vijito kama Mwera na Zingwezingwe si vya kutoza ushuru wa kivuko, na baadhi ya maji ya kisiwa hutitia katika mawe ya matumbawe kabla ya kufika baharini. Kivuko kilichoacha alama kubwa katika historia ya Unguja kilikuwa cha maji ya chumvi, yaani hori lililotenga Mji Mkongwe na mashamba ya mashariki yake. Maji yalipojaa, mji ulikaribia kuwa kisiwa. Yalipokupwa, watu walivuka kwa miguu. Majina mawili yamebaki kushuhudia hali hiyo: Darajani na Ng'ambo. Hori lenyewe lilifukiwa kwa awamu katika karne ya 20, na sehemu ya mwisho ilimalizwa katika miaka ya 1950. Ng'ambo, ambayo leo haina maji ya kuvukwa, imebaki ng'ambo kwa mtazamo wa aliyesimama upande wa majumba ya mawe.

Ni huko Ng'ambo ndiko udhaifu wa neno ukabaila unapodhihirika. Katika karne ya 19 watu wengi, wakiwamo watumwa na walioachwa huru, walijenga vibanda vya miti na udongo katika mashamba ya wenye ardhi wa mjini. Kibanda kilikuwa mali ya aliyekijenga. Angeweza kukiuza, kukirithisha, hata kukipangisha, ilhali kiwanja kikabaki cha mwingine au kikawa wakfu. Sheria ya Kiislamu iliyotumiwa na makadhi wa Kishafii na wa Kiibadhi haikuona ajabu katika mgawanyo huo. Tatizo lilizuka kodi ya kiwanja ilipoanza kudaiwa na kupandishwa. Mwaka 1928 wakaazi wa Ng'ambo waligoma kulipa. Hoja yao haikuwa kwamba ardhi ni yao; walisema kwamba wenye ardhi wa awali waliwaruhusu kukaa bila malipo, na kwamba baadhi ya viwanja vilikuwa wakfu. Laura Fair ameueleza mgomo huo kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 2001. Msomaji anayekisoma kwa makini hakuti humo watwana wanaoasi bwana wao, bali wenye nyumba wanaoshindana na wenye ardhi.

Mashambani hali ilikuwa nyingine, ingawa kanuni ilikuwa ile ile. Mkaazi aliruhusiwa kulima mihogo na migomba chini ya mikarafuu, naye akapalilia shamba. Alichokatazwa ni kupanda miti ya kudumu. Sababu ni dhahiri: aliyepanda mnazi alikuwa na dai, na dai hilo lingedumu kuliko maisha yake. Wakaazi walipofukuzwa mashambani baada ya uchaguzi wa mwaka 1957, kwa sababu za kisiasa, wengi wao hawakuwa na mti wa kuonyesha.

Katika nchi ya mawe ya kusini na mashariki, R. H. W. Pakenham aliyechunguza Chwaka (1947) na John Middleton (1961) walikuta mpangilio mwingine tena. Kiambo kilikuwa cha ukoo, na mgeni hakuuziwa bila ridhaa. Uwanda ulikuwa wa wote, na aliyefyeka alishika alichofyeka kwa muda aliokilima. Kuwaita watu hawa makabaila au watwana ni kichekesho.

Hapa ndipo suala linapokuwa la lugha. Kabaila, neno lenye nasaba moja na kabila, lilimhusu kwanza mtu wa heshima na wa ukoo mkubwa. Siasa za karne ya 20 ndizo zilizolifanya liwe jina la mnyonyaji mwenye ardhi. Hakuna anayekana unyonyaji: utumwa haukupigwa marufuku Unguja hadi mwaka 1897, na mashamba ya karafuu yalijengwa kwa jasho la watumwa. Lakini kulitaja dhuluma si sawa na kueleza ilivyofanya kazi. Neno la wenyeji lenyewe, mwenye, lina usahihi zaidi, kwa kuwa halikai peke yake. Mtu ni mwenye mti, mwenye nyumba, mwenye shamba. Anayesema "mwenye" tu huulizwa: mwenye nini? Mmiliki haulizwi. Mtafiti anayekwenda kijijini na hojaji yenye swali "Nani mmiliki wa eneo hili?" amekwisha kupoteza nusu ya majibu kabla hajaketi.

Wala si suala la zamani tu. Baada ya Mapinduzi ardhi yote ilitangazwa kuwa ya serikali tangu tarehe 8 Machi 1964, na wakulima wakagawiwa eka tatu tatu. Hata hivyo, Sheria ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 1992, inapofasili ardhi, huiacha nje miti iliyoainishwa na kumilikiwa peke yake. Tabaka za vitu, kwa hiyo, zimepita katika ukoloni na Mapinduzi zikiwa hai. Katika pwani ya mashariki na kaskazini, hoteli zilipoanza kuongezeka kuanzia miaka ya 1990, kilichohesabiwa kwa ajili ya fidia mara nyingi kilikuwa minazi. Aliyekuwa na minazi ishirini alijua la kudai. Njia ya kushukia pwani, wanayopita wavuvi na wanawake wanaolima mwani, haina shina wala matunda, na hakuna mtu mmoja aliyewahi kuitwa mwenye njia. Msamiati wa kumiliki hauna pa kuiweka, na neno ukabaila halimsaidii mtafiti hata kuiona.