Wale wa kwa foto wako na majina

Ndugu vijana wa Bukavu, wa Goma, wa Uvira, na wengine wote,

Makumbusho ya Tervuren, kule Ubelgiji, inachunga foto nyingi sana za wakati wa ukoloni. Ndani yake kuko pia ndugu zetu Batwa na Bambuti. Soma maandishi ya chini. Mara nyingi jina la Muzungu aliyepiga foto liko. Mwaka uko. Na ule mutu mwenyewe? Wameandika tu «pygmée», basi. Hata mbwa wa Muzungu alikuwa na jina!

Hii si mambo ya zamani. Mwaka 1970 serikali iliunda Parke ya Kahuzi-Biega, na mwaka 1975 ikaipanua, kutoka kilometa za mraba 600 mpaka 6.000. Batwa wakafukuzwa ndani ya pori ya babu zao. Leo wengi wanalima shamba ya mutu, wanalala kwa udongo ya mutu. Wakidai, wanaulizwa kartasi. Kartasi gani? Nani alishamupa Mutwa kartasi ya pori? Foto yenye mahali na mwaka ni ushahidi. Lakini wazee wenye wanaweza kusema «huyu ni shangazi yangu, na ule mulima ni kwetu» wanaendelea kufa, na foto zinalala kwa kabati za Ulaya.

Sheria iko, tangu 2022. Mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitangaza kwamba serikali yetu ilivunja haki za Batwa wa Kahuzi-Biega, na kwamba udongo wao urudishwe. Tunangoja nini?

Tunadai kopi za foto zote za Batwa zirudi Kabare na Kalehe, bila malipo. Wenyewe waandike majina. Wenyewe waseme gani ionyeshwe na gani ifichwe, ju zingine zilipigwa bila kuomba ruhusa.

Na wewe, kijana wa mujini, mwenye unapanda Kahuzi na telefone, unapiga mutoto wa Kitwa foto, unaitupa kwa WhatsApp bila kuuliza jina yake: wewe na ule mukoloni munatofautiana wapi?

Serikali iandikie Ubelgiji barua. Kinshasa iko na Makumbusho ya Taifa mupya tangu 2019. Nayo ipate zake. Lakini kopi ya kwanza ifike Kalehe, wakati wazee wangali na macho ya kuitambua.