Ufadhili wa Masomo Huanzia Zahanati

Kila mwaka, mara tu matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa mwezi Julai, familia nyingi za vijijini huanza mbio ambazo zingepaswa kuanza miaka mingi kabla. Cheti cha kuzaliwa hakijulikani kilipo, au hakikupata kutolewa. Baba alifariki na hakuna hati ya kuonyesha kwamba alifariki. Jina la mtoto lililo kwenye cheti cha mtihani si lile lililo kwenye kadi ya kliniki. Wakati huohuo dirisha la maombi ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hukaa wazi kwa miezi michache tu, na halimngoji mtu aliye safarini kwenda kutafuta karatasi.

Katika Nyamahanga na vijiji vinavyoizunguka, huko Ngara na Biharamulo mkoani Kagera, mbio hizo ni ngumu maradufu. Ofisi ziko mbali, nauli ni kubwa kwa mkulima wa maharage na ndizi, na si kila mzazi anayeongea Kihangaza au Kishubi nyumbani huona wepesi mbele ya fomu iliyojaa maneno ya kiofisi. Mara nyingi lawama hupelekwa shuleni, kwamba walimu hawakuwaeleza wanafunzi mapema. Zipo sababu za lawama hiyo. Hata hivyo, ipo taasisi nyingine inayomjua mtoto kabla ya shule kumjua, inayoandika tarehe yake ya kuzaliwa, jina la mama yake na ulemavu wake kama anao. Taasisi hiyo ni zahanati. Ni haki kusema kwamba mhudumu wa afya ana sehemu katika safari ya mtoto kuelekea chuoni, naye aanze kuitimiza mwanafunzi akiwa angali katika vidato vya chini, au hata kabla hajajua kusoma.

Jambo hili linaihusu sekta ya afya yenyewe. Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2010 kuhusu kuwapata na kuwabakiza watumishi wa afya vijijini, liliyoyahuisha mwaka 2021, lilishauri kwamba vyuo vipokee wanafunzi waliozaliwa na kukulia vijijini, kwa kuwa hao ndio wenye uwezekano mkubwa wa kurudi kufanya kazi huko. Kila anayeijua wilaya ya pembezoni anaufahamu ukweli huo bila kusoma waraka wowote: mtumishi mgeni hufika, hukaa kidogo, kisha barua ya uhamisho humfuata. Hospitali za Murgwanza, Rulenge na Biharamulo zinahitaji waganga na wauguzi ambao kwao ni huko. Mganga huyo wa kesho yumkini sasa yuko kidato cha pili, na hakuna aliyemwambia kwamba mwaka huu ndio utakaoamua.

Kwa utaratibu uliodumu miaka mingi katika shule za sekondari za Tanzania, biolojia ilikuwa somo la lazima hadi kidato cha nne, lakini fizikia na kemia mwanafunzi aliweza kuziacha baada ya kidato cha pili. Shule isiyo na mwalimu wa fizikia humfanya mtoto aiache bila hata kuulizwa. Akishaiacha, milango hufungwa mmoja baada ya mwingine. Stashahada ya utabibu hudai ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, yakiwamo kemia, biolojia na fizikia. Shahada ya udaktari hudai masomo hayo matatu katika kidato cha sita. Ufadhili unaoitwa Samia Scholarship, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023, huwalenga waliofaulu vizuri zaidi katika tahasusi za sayansi. Kwa hiyo binti wa miaka 15 anayeamua kuacha fizikia kwa sababu ni ngumu huwa ameacha pia ufadhili ambao hajapata kuusikia.

Hali si ya kukatisha tamaa kwa upande wa ada. Tangu Januari 2016 elimu ya msingi hadi kidato cha nne haina ada katika shule za serikali, na kuanzia mwaka 2022/2023 ada ya kidato cha tano na cha sita nayo iliondolewa. Kuanzia mwaka 2023/2024 mikopo ilipanuliwa hadi kwa wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, na sayansi za afya ni mojawapo. Badiliko hilo la mwisho ni kubwa kuliko linavyodhaniwa. Kabla yake, kijana wa Nyamahanga aliyefaulu kidato cha nne na kutaka kuwa tabibu alilazimika kumtegemea mjomba mwenye ng'ombe wa kuuza. Sasa anaweza kuomba mkopo, akasoma miaka mitatu, akafanya kazi, na baadaye akajiendeleza hadi shahada. Njia hiyo ni ndefu kuliko ya kidato cha sita, lakini kwa mtoto wa maskini mara nyingi ndiyo ya uhakika zaidi, na inasikitisha kwamba bado wapo wanaoiona kama njia ya walioshindwa.

Fedha, basi, zipo, ijapokuwa hazimtoshi kila mtu. Mara nyingi kinachokosekana ni ushahidi kwamba mwombaji anastahili kuzipata, na hapo ndipo zahanati inapoingia.

Bodi ya Mikopo humtambua mwombaji kwa namba yake ya mtihani wa kidato cha nne, na humtaka awe na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA. Mwombaji aliyefiwa na mzazi huleta cheti cha kifo, nacho kimehakikiwa vilevile. Mwenye ulemavu, au ambaye mzazi wake ana ulemavu, huleta uthibitisho wa Mganga Mkuu wa Wilaya au wa Mkoa. Anayetoka katika kaya inayosaidiwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, huonyesha namba ya kaya yake. Ukizitazama karatasi hizo kwa makini utaona kwamba nyingi chanzo chake ni kalamu ya mtumishi wa afya: aliyepokea mtoto, aliyeshuhudia kifo, aliyepima mguu au jicho.

Sheria ya usajili wa vizazi na vifo hutoa siku 90 za kuandikisha kizazi na siku 30 za kuandikisha kifo. Muda huo ukipita, usajili huwa wa kuchelewa, nao hudai ushahidi zaidi, safari zaidi na fedha zaidi. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba takribani mtoto mmoja tu kati ya wanne wenye umri chini ya miaka mitano alikuwa amesajiliwa. Baadhi ya watoto hao wa wakati ule sasa wako sekondari. Wengi wao watafika kidato cha nne wakiwa na kadi ya kliniki iliyochakaa, na pengine tangazo la kizazi ambalo mama alilihifadhi kwenye sanduku akidhani ndilo cheti chenyewe. Mkunga anayemkabidhi mama tangazo hilo bila kumweleza kwamba ni hatua ya kwanza tu huwa amefanya nusu ya kazi, na nusu iliyobaki itamgharimu mtoto miaka 18 baadaye.

Kisha kuna suala la jina. Mtoto huandikwa kliniki kwa jina la babu, akabatizwa kwa jina jingine, akaandikishwa darasa la kwanza na shangazi aliyelitamka jina la ukoo kwa namna yake. Herufi r hugeuka l, n huongezwa au hupunguzwa, na jina la tatu huachwa kabisa kwa sababu daftari lilikuwa na nafasi mbili. Hakuna anayejali hadi siku majina ya cheti cha kuzaliwa na ya cheti cha mtihani yanapowekwa pamoja na kukataa kulingana. Marekebisho yanawezekana, lakini huhitaji kiapo au hati ya kubadili jina, mwanasheria na safari ya mjini. Kosa la herufi moja lililofanywa kwa sekunde moja katika chumba chenye foleni ndefu huweza kula mapato ya gunia zima la mahindi. Wakati mzuri wa kuligundua ni kabla ya usajili wa mtihani wa kidato cha nne, maana baada ya hapo jina huwa limeshikwa na Baraza la Mitihani.

Katika wilaya ya mpakani jambo hili lina uzito wa pekee. Ngara inapakana na Rwanda na Burundi. Mwaka 1994 ilipokea mamia ya maelfu ya wakimbizi, na tangu hapo swali la nani ni raia halikupata kuwa jepesi. Mikopo hutolewa kwa Watanzania. Cheti cha kuzaliwa peke yake hakithibitishi uraia, lakini mtoto aliye nacho, pamoja na kumbukumbu za kliniki alikohudhuria mama yake, ana mahali pa kuanzia maelezo. Asiye na chochote huanza kwa kushukiwa.

Vifo vinavyotokea nyumbani vina hadithi yake. Mgonjwa aliyerudishwa nyumbani hufia huko, huzikwa kesho yake, na baada ya matanga hakuna anayekumbuka ofisi ya usajili. Kumtaka mjane afikirie karatasi siku hizo kungekuwa ukatili. Lakini mhudumu wa afya ngazi ya jamii, ambaye humtembelea tena baada ya wiki mbili tatu kumpa pole na kuangalia afya ya watoto, anaweza kulitaja jambo hilo kwa upole, amwelekeze kwa mtendaji wa kijiji, na amweleze sababu: siku moja mtoto huyu ataomba msaada wa masomo kama yatima, na ataulizwa ushahidi. Wazazi wanaoishi na maradhi ya muda mrefu nao wanayo haki ya kuelezwa hayo wakiwa hai. Wapo wanaoona kuzungumzia hati ni kujitabiria kifo, na hisia hiyo iheshimiwe. Lakini mgonjwa anayehakikisha vyeti vya wanawe viko salama huwa hatabiri kifo.

Yupo pia mwanafunzi mjamzito anayefika kliniki ya wajawazito akiwa ameinamisha kichwa. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wanafunzi waliojifungua warudi katika shule za kawaida. Muuguzi anayempima shinikizo la damu bila kumwambia hilo humwacha aamini kwamba elimu yake imekwisha. Maneno machache yanatosha: shule ipo, aulize namna ya kurudi, na asiache masomo ya sayansi kwa sababu ya aibu.

Pingamizi la wazi ni kwamba mtumishi wa zahanati ya kijijini ana kazi kupita kiasi. Hilo ni kweli, na anayependekeza kumwongezea daftari jingine hajawahi kuiona siku ya chanjo. Linalopendekezwa hapa halina daftari. Ni maswali mawili wakati wa kliniki ya mtoto, je, cheti kimetoka, na jina limeandikwa sawa? Ni bango moja ukutani kwa Kiswahili chepesi kuhusu karatasi zinazohitajika. Ni saa moja kwa muhula ambapo tabibu huenda shule ya kata kuzungumza na kidato cha kwanza na cha pili, akiwaeleza alisoma nini na nani alimlipia. Wanafunzi humsikiliza mtu huyo kuliko kipeperushi chochote. Aseme pia kwamba mkopo si zawadi: wengi wa wasomaji walio kazini wanajua maana ya kukatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi, ijapokuwa tozo ya kulinda thamani ya mkopo iliyowaumiza sana ilifutwa mwaka 2021. Ufadhili ni jambo jingine, na mwanafunzi anapaswa kuijua tofauti hiyo kabla ya kusaini.

Atahadharishe pia kuhusu matapeli. Ada ya maombi ya mkopo hulipwa kwa namba maalumu ya malipo ya serikali. Anayepiga simu akitaka atumiwe fedha kwa namba yake binafsi ili amwombee mtu nafasi ni mwizi. Fursa za nje ya nchi zipo na ni za kweli, kama mpango wa Mastercard Foundation ambao Chuo Kikuu cha Makerere kiliupokea mwaka 2013 kwa ajili ya vijana wenye akili na wasio na uwezo, lakini hizo nazo hudai karatasi zilezile, na hudai Kiingereza cha kuandika kinachojengwa polepole tangu kidato cha kwanza.

Dirisha la maombi likifunguliwa tena, watakaokuwa tayari ni wale ambao vyeti vyao vilitafutwa mtoto akiwa bado anavaa kaptula. Kwa mwanafunzi wa kidato cha pili wa Nyamahanga bado muda upo. Anahitaji kubaki na fizikia, kulinganisha jina la kwenye kadi ya kliniki na la kwenye rejesta ya shule, na kumuuliza mama tangazo la kizazi liko wapi. Mama, akiwa hajui, atakwenda zahanati kuuliza, na yule atakayemkuta mezani ndiye atakayemjibu.