Msanii Alipwe, Kituo Kisiuawe

Mwandishi anayetaka redio za intaneti zilipe ada ya muziki sawa na vituo vikubwa vya FM, la sivyo zifungwe, ana hoja upande mmoja tu. Msanii lazima ale jasho lake. Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya 2006 inamlinda. Ila kipimo alichokichagua mwandishi huyo kitamwumiza msanii huyohuyo.

Kituo cha intaneti cha Bwera, wilayani Kasese, chenye kompyuta moja na maikrofoni hununua bando la intaneti, na tangu Julai 2021 bando lina ushuru wa asilimia 12. Mwaka 2018 Tume ya Mawasiliano ya Uganda iliwataka watangazaji wa mtandaoni wajisajili kwa dola 20. Ukiongeza ada ya kila wimbo kwa kila msikilizaji, kituo kinavyopendwa ndivyo kinavyofilisika. Nchini Marekani, viwango nafuu vya vituo vidogo vilipokwisha, huduma ya redio za intaneti ya Live365 ilizimwa Januari 2016.

Mwimbaji wa Kasese anayeimba kwa lugha ya Lhukonzo atafaidika nini kituo kinachompigia kikifa? Itozwe asilimia ya mapato, kituo kitoe orodha ya nyimbo kilizopiga, na fedha zimfikie mwenye wimbo. Kituo kilichofungwa hakimlipi mtu hata shilingi.